Jukwaa la Mashariki Limekaa

Jumamosi, 6 Septemba

"Shabiki wa kweli haulizi bei ya maji." Maneno hayo ameyasema Katibu wa Biashara wa klabu yetu leo asubuhi redioni. Mtangazaji, badala ya kumuuliza ni lini mara ya mwisho alinunua maji kwa pesa yake mwenyewe, akacheka naye kama watu waliokutana harusini.

Namjibu hapa kwanza, kabla sijamjibu kwingine. Shabiki wa kweli huuliza bei ya kila kitu, kwa sababu yeye ndiye anayelipa. Anauliza nauli, anauliza tiketi, anauliza jezi ambayo kila mwaka hubadilishwa mstari mmoja ili ile ya mwaka jana ionekane kuukuu. Asiyeuliza bei ni yule anayepita mlango wa wageni, akakalia kiti chenye mto na kuletewa maji kwenye sahani. Huyo si shabiki, ni mgeni mwalikwa. Nimesoma historia za falme nyingi, na bado sijakutana na mtawala aliyeongeza kodi bila kwanza kuisifu mioyo ya raia wake.

Habari yenyewe ni hii. Kuanzia msimu huu, chakula na vinywaji vyote uwanjani vinauzwa na kampuni moja. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuza, na hakuna shabiki anayeruhusiwa kuingia na maji, chai, mkate wala yai. Leo, mechi ya kwanza, chupa ya maji ndani ilikuwa mara tatu ya bei ya dukani. Bomba la chini ya jukwaa letu, ambalo tumekunywa tangu utoto, limefungwa "kwa matengenezo".

Mdogo wangu ameuza chai na mayai ya kuchemsha katika Jukwaa la Mashariki tangu mumewe alipofariki. Birika lile la shaba ndilo lililosomesha binti zake. Leo alifika langoni kama kawaida, birika kwenye toroli, na mlinzi mpya, mtu mrefu asiyecheka, akamwambia arudi alikotoka. Kabla ya mapumziko tulikwisha kumbatiza jina: Kufuli. Mdogo wangu hakubishana. Aligeuza toroli, akaegesha ng'ambo ya barabara mbele ya duka la rangi, akabaki anautazama ukuta wa uwanja.

Mimi nilibishana. Nilibishana mpaka kipindi cha kwanza kikaisha, na bao letu nimelisikia tu kwa kelele.

Jumapili, 7 Septemba

Mdogo wangu amekuja na habari kamili. Mkataba wa kampuni ni wa msimu mmoja kwa majaribio. Mwezi wa tatu uongozi utaamua kama uongezwe miaka mitano.

"Ukiongezwa, nauza birika, nakwenda kuishi kwa mama mkwe," akasema.

Mama mkwe wake ana nyumba kubwa na ulimi mkubwa zaidi. Aliwahi kumwambia mdogo wangu, mbele ya maiti isiyozikwa bado, kwamba mwanawe angeishi kama angeoa vizuri.

"Hutakwenda," nikamwambia. "Nitaandika."

"Andika, dada. Lakini mimi nauza chai. Maandishi nani atayanywa?"

Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kutwa nasahihisha makosa ya watu wenye vyeo, na sijazoea kuulizwa maandishi yana kazi gani. 

Jumamosi, 20 Septemba

Kufuli amekamata chupa ya chai ya bibi mmoja mzee, akaimwaga kwenye mfereji polepole, kama mtu anayemwagilia maua. Nimemwita mtumwa wa chupa. 

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo tumejiaibisha, na nataka iandikwe namna tulivyojiaibisha.

Wiki mbili nimegawa karatasi, nilizochapa kiwandani kwa ruhusa ya bosi ambaye ni shabiki wa timu pinzani na anafurahia ugomvi wetu. Karatasi zilisema: wakati wa mapumziko hakuna kununua. Kampuni inaishi kwa mapumziko. Inachoma soseji zake zote kipindi cha kwanza kinapoelekea kuisha, ili filimbi ikilia watu wamiminike. Tusipomiminika, soseji inabaki yao. Watu wote wa jukwaa letu walikubali. Waliapa. Kuna mmoja aliapa kwa jina la mama yake, aliye hai na mwenye afya njema.

Halafu, filimbi ikiwa tayari mdomoni mwa mwamuzi, tukafunga bao la kichwa.

 Watu walikumbatiana, wakabebana, na wakiwa bado wamebebana wakashuka ngazi kwenda kununua. Kamanda wetu, kinyozi anayepiga ngoma kubwa na kuongoza nyimbo, alirudi na soseji mbili. Na wa kwanza kwenye foleni, kwa macho yangu haya, alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi majokofu, mtu mpole, na anapenda soda kuliko anavyopenda ukweli. Nimemsubiri mpaka tulipofika nyumbani.

"Lilikuwa bao la kichwa, mke wangu," akaanza.

"Nililiona. Nauliza soda."

"Ile sikuinunua kama soda. Niliinunua kama furaha."

"Na furaha walikuuzia bei gani?"

Akaitazama sakafu. "Sikuuliza."

"Hongera. Katibu amempata shabiki wa kweli, na analala kitandani kwangu."

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kibandani kwa Kamanda kumtukana. Siku zote nimemwona kama ngoma yake: mkubwa, mwenye sauti, na ndani hewa tupu. Alikuwa ananyoa ndevu za mteja. Aliniacha nimalize yote niliyokuja nayo, kisha akasema bila kugeuka:

"Dada mkubwa, kosa ni la karatasi zako."

Mteja akafumba macho, wembe ukiwa shingoni.

"Umewaambia watu wasinunue," akaendelea. "Kutonunua si kazi. Mtu utamwona anafanya nini, anaposimama tu hanunui? Mikono iko mitupu, bao limeingia, lazima ataipeleka mahali. Wape kitu cha kufanya."

"Kitu gani?"

"Wakae."

Nilidhani anatania. Mtu asiyetujua hawezi kuelewa ukubwa wa neno hilo. Jukwaa la Mashariki halikai. Mabenchi yetu ni ya kukanyagia. Ukikaa, hata kama ni mgonjwa, utaimbiwa wimbo wa kukuombea gari la wagonjwa mpaka uinuke. Kuna watu wamefunga ndoa kwa kujuana wakiwa wamesimama pale, na baba zao walisimama palepale kabla yao.

"Filimbi ya mapumziko ikilia," akasema Kamanda, "ngoma inanyamaza, watu wote chini, mpaka timu zirudi. Hapo huwezi kusahau. Mtu wa Mashariki akikaa, makalio yenyewe yanamuuliza kwa nini."

Nimerudi nyumbani nikifikiri. Nimesoma vitabu vingi juu ya migomo, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa na kinyozi. Ni hasara ya vitabu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumekaa. Si wote, labda nusu. Nusu nyingine ilituimbia wimbo wa gari la wagonjwa, na wengine walinunua soseji na kuzila mbele yetu kwa makusudi. Mume wangu alikaa, akishikilia benchi kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mawimbi.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumekaa. Wimbo wa gari la wagonjwa umepungua waimbaji.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumekaa. Harufu ya soseji ni mpinzani mgumu kuliko Katibu. Kamanda amependekeza tuzibe pua. Nimekataa, kwa sababu ya heshima ya harakati.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumekaa. Jioni Katibu kasema redioni kwamba hizi ni "kelele za wachache". Nimechapa karatasi nyingine kumjibu: Kelele ipi, bwana? Tulinyamaza. Kama kunyamaza kwetu umekusikia mpaka ofisini kwako, sisi si wachache.

Mdogo wangu bado yuko ng'ambo ya barabara. Wateja wanampitia kabla ya mechi, lakini mapato ya mapumziko yamekufa. Ameuza cherehani yake.

Jumamosi, 10 Januari

Leo siandiki kwa hasira.

Jua la leo halikuwa la kuchezea mpira. Vyuma vya ngazi vilichoma viganja. Bomba bado liko kwenye "matengenezo", maji yamezuiwa langoni, na ya kununua hatununui. Kamanda alipiga ngoma kipindi chote cha kwanza, shati limemgandama mwilini, na nilipomwambia apumzike alinicheka: "Nitapumzika tukikaa, dada mkubwa."

Filimbi ikalia. Ngoma ikanyamaza. Tukakaa, na yeye hakukaa. Alianguka. Aliangukia ngoma yake, ikatoa mlio mmoja mzito, na jukwaa zima likageuka.

Sijawahi kukimbia ngazi zile namna ile. Midomo yake ilikuwa imekauka, macho yako wazi lakini hayanioni. Watu wakapiga kelele maji, maji, na hakuna aliyekuwa nayo, kwa sababu tulikuwa watiifu, kwa sheria yao na kwa mgomo wangu. Nilikwisha kuinuka kwenda kununua. Nakiri ningenunua kreti nzima na kuibeba kichwani.

Kuna mtu akanisukuma pembeni. Alikuwa Kufuli. Akapiga magoti, akafungua koti la sare, na kutoka kwapani akachomoa chupa ya maji iliyofungwa kwenye gazeti. Akamnywesha Kamanda kidogo kidogo, akammwagia mengine shingoni, akampepea kwa kofia yake. Kamanda alipofumbua macho vizuri, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa: "Tumekaa?"

"Wamekaa," Kufuli akajibu. "Tulia."

Jumapili, 11 Januari

Kamanda yuko nyumbani, anakula, anatukana. Katibu naye yuko redioni: "Wachochezi wanahatarisha maisha ya mashabiki." Wachochezi ni mimi.

Nimezoea kuitwa majina. Lakini jana nilimwona mtu ameanguka kwa neno nililolichapa. Saa za alasiri nimekwenda kwa mdogo wangu nikamwambia basi, yaishe. Alikuwa anasugua birika kwa majivu.

"Nani alifunga bomba, dada?" akauliza.

"Kampuni."

"Nani kazuia maji langoni?"

"Kampuni. Lakini nani kawaambia watu wasinunue?"

"Wewe. Na mimi ndiye niliyefurahi. Basi tumlaumu na anayefurahi?" Akageuza birika, akasugua upande wa pili. "Halafu punguza kumtukana yule mlinzi. Anakunywa chai kwangu kila mechi. Hata yeye haruhusiwi kuingia na maji, anasimama juani mchana kutwa. Ile chupa aliificha kwa ajili yake mwenyewe."

"Mbona anamwaga chai za watu?"

"Hujaona anavyomwaga? Polepole. Anampa mwenyewe nafasi aseme hebu nimalizie, ainywe palepale. Wengi huinywa. Siku ile ya yule bibi, angeinywa pia. Ila wewe ulikuwa unatukana, bibi akawa anakusikiliza."

Nilichukua mfuniko wa birika, nikaanza kuusugua.

Ndipo mdogo wangu, ambaye siku zote nimemhesabu kuwa mtu wa kutetewa, akaweka kitambaa chini. "Mnazo skafu," akasema.

"Zina nini?"

"Pamba. Pamba inabeba maji."

Jumamosi, 24 Januari

Siku kubwa. Nitaiandika yote hata kama kesho nitachelewa kuamka.

Mwenye duka la rangi ametukopesha mapipa mapya na mpira wa kupitishia maji. Tangu asubuhi mdogo wangu alisimama pale, mikono ya gauni imekunjwa, akiamuru watu kama jemadari. Kila aliyefika alikunywa kwanza mpaka tumbo likajaa, kisha akachovya skafu kwenye pipa, akaivaa bila kuikamua. Walioona skafu haitoshi walichovya kofia, wengine mashati. Mume wangu alichovya taulo la kuogea na kulivaa mabegani kama bondia.

"Shemeji, hilo ni taulo," mdogo wangu akamwambia.

"Leo ni skafu."

Tukavuka barabara tukiacha mto nyuma yetu. Langoni, Kufuli akatutazama tunavyodondoka. Pembeni yake alisimama msimamizi wa kampuni, kijana mwenye miwani ya jua na kadi shingoni.

"Hawa wanaingiza maji," msimamizi akasema. "Wazuie."

"Tangazo la langoni linakataza chombo chenye maji," Kufuli akajibu. "Hii ni skafu."

"Si unaona inadondoka?"

"Na mimi nadondoka jasho. Nijizuie mimi pia?"

Foleni nzima ikacheka, na nilichokiona hapo sitakisahau: Kufuli naye akacheka. Meno yake ni mazuri. Msimamizi akasema atamripoti. "Uwatajie na rangi ya skafu," Kufuli akamwambia, "wasije wakakosea." Akafungua lango.

Jua lilikuwa lilelile la wiki mbili zilizopita, lakini sisi tulikuwa wabichi. Skafu zilitoa mvuke mabegani. Kamanda alirudi na ngoma, mkewe amesimama karibu naye na taulo jingine, amenuna. Filimbi ikalia. Ngoma ikanyamaza. Na safari hii, kutoka safu ya juu kabisa mpaka uzio wa chini, jukwaa zima likashuka kwa pamoja. Mlio wa mabenchi yale, ambayo hayajawahi kukaliwa yote kwa pamoja, ulisikika upande wa pili wa uwanja. Hata wachezaji waliokuwa wanaelekea vyumbani waligeuka.

Tulikaa tukikamuliana skafu vichwani. Hakuna aliyeimba. Chini yetu, soseji za kampuni zilikuwa zinakauka kwenye majiko, na vijana waliozichoma walikuwa wamekunja mikono wakitutazama. Mmoja wao, nilimwona, alikaa.

Jumamosi, 7 Februari

Tumekaa. Kamera ya televisheni imetuonyesha mapumziko yote. Soseji zilibebwa kwa ndoo kupelekwa jalalani.

Jumamosi, 21 Februari

Tumefungwa mabao matatu, mawili kabla ya mapumziko. Tumekaa vilevile. Mume wangu alilia, machozi halisi, na mkono wake haukuelekea mfukoni. Mtu anayeweza kujinyima soda katika huzuni ya namna ile ni mtu niliyeolewa naye kwa akili timamu.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza, na baridi. Kampuni haikuwasha majiko. Tumekaa kwenye mabenchi yaliyolowa, hakuna cha kugomea, tumekaa tu.

Jumanne, 10 Machi

Uongozi umeamua. Katika Jukwaa la Mashariki wauzaji wa zamani watarudi kwa bei ya mtaani, shabiki ataingia na chakula na maji yake, na bomba limefunguliwa. Fundi aliyetumwa kulitengeneza amemwambia mume wangu kwamba halikuwa na ubovu wowote. Lilihitaji tu mtu wa kulifungua.

Nilikimbia mpaka kwa mdogo wangu nikiwa na kalamu ya kiwandani sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kabatini, akaanza kukunjua nguo alizokuwa amezipanga kwenye sanduku la safari. Sikujua kwamba alikwisha kulipanga.

Jumamosi, 21 Machi

Mechi ya mwisho. Mdogo wangu amepita lango la Mashariki na birika lake, Kufuli akilisukuma toroli kwa mkono mmoja na mwingine ameshika kikombe. Kamanda akampigia ngoma ya mabao, ile anayoipiga tunapofunga, na watu wakaimba kama tumeshinda kombe. Mdogo wangu alitazama chini muda wote. Halafu akainua uso, akacheka, na nikamwona kama alivyokuwa alipokuwa msichana.

Wakati wa mapumziko mvua ilinyesha na foleni ya chai ilifika ngazini. Mara akaonekana Katibu wa Biashara, ana mwavuli na mpiga picha, amekuja kunywa chai pamoja na wananchi. Alielekea mbele moja kwa moja.

"Foleni inaanzia kule, bwana," mdogo wangu akamwambia, bila ukali.

Akaenda kule. Akasimama nyuma ya mume wangu, ambaye hakuharakisha. Zamu yake ilipofika akapokea kikombe, akatia mkono mfukoni na kuuliza, "Bei gani, mama?"

 Mdogo wangu akamimina mpaka juu.

"Shabiki wa kweli haulizi bei, bwana," akasema. "Lakini wewe nitakutajia."

Sikumbuki matokeo ya mechi. Nitayasoma kesho.

Nimebakiza jambo moja, na kwa ajili yake nitazichapa kurasa hizi na kuzibandika kwenye lango lisilo letu. Uamuzi ule ulikuwa na mkia. Kampuni imepewa mkataba mpya wa miaka mitano, Jukwaa la Magharibi peke yake, kwa sababu, asema Katibu, "huko hakujatokea malalamiko."

Kwa hiyo nawaambia ninyi, watu wa Jukwaa la Magharibi. Mnalipa maji mara tatu, na bomba lenu nalo liko kwenye matengenezo. Sisi ilitubidi tujifunze kukaa, na ilituchukua msimu mzima na mtu kuanguka. Ninyi mmekaa tayari, tena kwenye mabenchi yenye mgongo. Mechi ya kwanza ya msimu ujao, chovyeni skafu kwenye pipa la mdogo wangu, ingieni, na filimbi ya mapumziko ikilia, msiinuke.